Upawa wa Uji, Upawa wa Maneno

Saa moja asubuhi, jiko la kituo cha kulelea watoto limejaa moshi na vicheko. Mpishi, ambaye wote humwita Mama Upawa, anakoroga uji wa mahindi na karanga. "Haya, leo nimetia nini humu?" Hammiminii mtoto mpaka ajibu, hata kwa kunyoosha kidole tu.

Ndivyo afanyavyo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Watoto ni arobaini na wawili, foleni haiendi, na mwalimu mkuu amechoka kumhimiza.

"Tumbo likishiba masikio yakabaki na njaa, umelea nusu mtu," ananiambia. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne.

Mwaka jana aliletwa binti wa miaka mitatu ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno. Wenzake wakamwita Bubu. Kituo kikatoa miezi mitatu: asipobadilika, arudi nyumbani.

Mama Upawa akafunga safari hadi kwao. Chumba kimoja. Baba ni mlinzi wa usiku, mchana analala. Mama anamlisha mwanawe mkate na chai ya rangi, huku ameweka kidole kwenye midomo yake: "Shh, baba kalala."

"Mdogo wangu, hujakosea kwa ubaya," mpishi alimwambia. "Ila huyu tangu azaliwe anafundishwa kunyamaza."

Wakakubaliana: kila siku yai au kunde, na baba alale na pamba masikioni ili mama amsemeshe mtoto. Huku jikoni mpishi akamsemesha mtoto kila asubuhi, akamsubiri. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya.

"Nililia, nikasingizia moshi," anakiri.

Wiki ya kumi na moja, mtoto akainua kikombe kitupu.

"Ongeza."

Upawa ulimponyoka mpishi. Haba na haba, kibaba kilikuwa kinajaa ndani ya kichwa kile kidogo, na hakuna aliyejua!

Siku hizi mtoto anaongea mpaka mwalimu anaomba apumzike. Mama Upawa sasa anataka kuwaita wazazi jikoni kila Jumamosi, wajifunze kulisha huku wakizungumza. Wa kwanza kujiandikisha ni yule mlinzi. Pamba ameshazitupa.

"Akiropoka pembeni yangu nalala fofofo," anasema. "Akinyamaza ndo nashtuka."