Kwa Wahuteri, Wote Hufunga Mizigo

Kanisa letu la Watanzania hapa Springfield lilijaa hadi watoto wakawa wanaketi kwenye ngazi. Wazee wakatangaza kwamba nusu yetu itahamia jengo jipya Manassas, mji wa mbali kidogo, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mama Neema, rafiki yangu wa kwaya, alihama kiti cha kando yangu kwa sababu niliunga mkono mpango ule.

"Shoga, mi sihami," aliniambia. "Manassas kila Jumapili, nani ata-drive?"

Kazini, muuguzi mwenzangu aliyekulia Dakota Kusini alinisimulia habari za Wahuteri, Wakristo wenye asili ya Kijerumani wanaoishi mashambani kwa mali ya pamoja. Makazi yao yakijaa, hugawanyika bila ugomvi. Nikasema hayo lazima niyaone kwa macho yangu. Akawapigia simu wenyeji wa moja ya makazi hayo kwa niaba yangu, nami nikakata tiketi.

Jumamosi asubuhi niliruka hadi Sioux Falls, mji wa huko Dakota Kusini, kisha nikakodi gari. Mahindi kushoto, mahindi kulia, nami naimba peke yangu kama niliyeokoka jana.

Mchana nilifika kwenye makazi, nikapokelewa na Susanna, mpishi mkuu, kitambaa cha madoadoa kichwani. Kengele ya chakula ikalia, wanawake wakaketi upande mmoja na wanaume mwingine. Mimi nikaanza salamu zetu: habari za nyumbani, habari za watoto. Sijamgusa hata bata wa kuokwa sahanini mwangu, watu wakasimama kwa sala ya kumaliza! Susanna alicheka, akanifungia sahani yangu.

Jioni alinieleza walikotoka. Mababu zao walifukuzwa Ulaya nchi baada ya nchi kwa kukataa kushika silaha, hadi wakavuka bahari. Makazi haya yalianzishwa yeye akiwa msichana, makazi ya mama yake yalipojaa. Familia ziligawanywa makundi mawili, yeye huku, dada yake kule. Makundi yote mawili yalifunga mizigo, mpaka vijiko, na hakuna aliyejua nani ataondoka. Ndipo kura ya bahati ikapigwa kuamua kundi la kuhama.

"Na waliobaki?" niliuliza.

"Waliwapakilia wenzao kwanza. Halafu wakafungua mizigo yao."

Usiku huo usingizi haukunijia kwa hamu ya kurudi.

Nyumbani niliwasimulia wazee, wakakubali tujaribu, wakatugawa makundi mawili. Jumapili ya kura tulikuja na mizigo: masufuria, ngoma, vitabu vya nyimbo. Mama Neema, wa kundi la pili, alileta sufuria lake la pilau ndani ya kanga. Hakunitazama.

Kura ya kuhama ikaangukia kundi langu. Nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu wa kuwaacha wenzangu. Nilipoinama kuinua boksi langu, mikono mingine ikalishika upande wa pili. Ilikuwa ya Mama Neema. Kwa kuwa naye alikuwa amefunga mizigo, hakuhitaji kuelezwa ninavyojisikia.

Tulipolipakia garini nami nikaketi, alirudi ndani, akaja na sufuria lake, akaniwekea mapajani.

"Tangulia nalo," alisema. "Ibada ya kwanza huko nakuja kupika mwenyewe. Nita-drive."