Mama Picha na Kona ya Tangi

Saa moja na nusu jioni Mama Picha anafunga studio yake ya picha za paspoti, anapanda ngazi mpaka juu ya paa la nyumba, na kuanza kufanya kitu ambacho mteja yeyote angedai arudishiwe pesa zake: anaharibu picha makusudi.

Kamera yake kuukuu iko juu ya stendi ya miguu mitatu, imeelekezwa angani. Chini yake kuna mota ndogo inayoizungusha polepole ili isiachwe na nyota. Anagusa lenzi kwa vidole viwili. Kwenye kioo cha kamera, nyota zilizokuwa nukta kali zinavimba na kuwa viduara vya mwanga.

“Mchana nikimtoa mtu na ukungu, ananijia juu,” anasema huku akicheka. “Huku juu natafuta ukungu huohuo. Mwanga ukitawanyika, unapimika. Ukirundikana mahali pamoja kamera inazidiwa, inaanza kunidanganya.”

Anachokisubiri ni kupatwa kwa nyota. Kiduara kimoja kati ya hivyo si nyota moja bali ni mbili, zinazungukana kwa karibu mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Kila baada ya siku chache ile hafifu hupita mbele ya ile ng’avu, kama mtu anayekatiza mbele ya taa ya sebuleni. Mwanga hushuka hadi theluthi, kisha hupanda tena. Mama Picha hupiga picha mfululizo, na kompyuta hulinganisha mwanga huo na wa nyota jirani isiyobadilika.

Jedwali la zamani linasema leo mwanga utafika chini kabisa saa tatu kamili. Mama Picha amewatangazia wapimaji wenzake wa nyota mtandaoni kwamba jedwali limepitwa na wakati. Anasema itakuwa saa tatu na dakika kumi na moja, kwa sababu kuna nyota ya tatu, iliyojificha, inayozivuta hizo mbili. Zikivutwa kuja upande wetu, habari zao hutufikia mapema. Zikivutwa kwenda mbali, mwanga hukawia njiani.

Tatizo ni kwamba aliwahi kutangaza hivyohivyo miaka minne iliyopita, akaumbuka.

Wakati ule aliona kupatwa kunawahi miezi fulani na kuchelewa miezi mingine, akashindwa kulala kwa furaha. Alichosahau ni kwamba Dunia nayo inalizunguka Jua, kwa hiyo sisi wenyewe husogea karibu na nyota hiyo kisha tukarudi nyuma. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mpimaji mwenzake wa nchi ya mbali ambaye hajawahi kuonana naye, alimwandikia: “Dada, hiyo nyota yako ya tatu nimeiona. Umeikanyaga.”

“Nilicheka mpaka nikalia,” anakumbuka. “Halafu nikalia kweli.”

Safari hii mwendo wa Dunia ameshauondoa kwenye hesabu. Lakini kuna mtu mwingine anayesubiri matokeo, naye anapanda ngazi sasa hivi akiwa na chupa ya chai mkono mmoja na futi kamba mkono wa pili. Ni mumewe, fundi bomba.

“Wenzangu huibiwa mke na watu,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Mimi nimeibiwa na nyota.”

Kona ya paa iliposimama stendi iko juu ya nguzo. Kwa Mama Picha ndiyo sehemu pekee isiyotikisika mtu akitembea. Kwa mumewe ndiyo sehemu pekee inayoweza kubeba tangi la maji, na familia imechoka kupandisha ndoo. Wote wawili wana haki, na wamebishana weee, mpaka wakakubaliana: usiku wa leo uamue. Jedwali likiwa sahihi, stendi inang’olewa, tangi linapanda.

“Futi kamba ya nini, baba watoto? Matokeo bado!”

“Napima tu. Kupima si wewe peke yako.”

Saa tatu kamili inafika. Kwa mujibu wa jedwali, hapa mwanga ulipaswa kugota na kugeuka. Mama Picha ameinamia kompyuta, chai imepoa pembeni.

“Bado unashuka,” ananong’ona. Kisha anapiga kelele: “Bado unashuka! Njoo uone! Bado!”

Fundi bomba anakuja mbio, futi kamba ikimburuzika nyuma. Mwandishi, ambaye hadi hapo alikuwa akiona namba tu, anajikuta naye ameshika kichwa.

Hata hivyo Mama Picha hajitangazii ushindi. Chini kabisa namba huyumba, na katikati ya kupatwa haipatikani mpaka mwanga umalize kupanda. Anasubiri zaidi ya saa moja akizungukazunguka stendi, miguu peku, asije akaitikisa. Hatimaye kompyuta inachora mstari wenye bonde, na chini ya bonde ni saa tatu na dakika kumi na moja.

Bado kuna mwalimu. Walikubaliana kila mmoja apime kwake na watumiane majibu bila kuchunguliana. Mama Picha anatuma lake, anaifunika simu kwa mikono miwili. Jibu linaingia.

Mwalimu amepata kuchelewa kwa dakika kumi na nusu. Chini yake ameongeza: “Dada, hii hatuikanyagi. Hongera.”

Mama Picha anaruka, anamkumbatia mumewe, anamkumbatia hata mwandishi. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Anapotulia, anaeleza mpango wake. Anataka kuifuata nyota hiyo iliyojificha mpaka imalize mzunguko mzima, ili hata mwenye shaka akose la kusema. Ana miaka hamsini na mbili.

“Mzunguko wenyewe unachukua muda gani?” anauliza mumewe.

“Nimeshaushika miaka sita. Imebaki kumi na miwili.”

Fundi bomba anaiangalia ile kona, anaiangalia futi kamba, kisha anaanza kuikunja taratibu.

“Tangi litakaa chini,” anasema. “Ila kwa miaka kumi na miwili, mke wangu, ni lazima ninunue pampu ya maana.”