Baraka Chini ya Kiti

Doña Eufronia Colque, muuza api wa soko la Quillacollo, alikuwa na miguu mibovu, ulimi mzima na shemeji mwenye taksi. Kati ya hayo matatu, shemeji ndiye aliyemtesa zaidi.

Tangu afiwe na mumewe, shemeji huyo, Tiburcio, ndiye aliyembebea kila alfajiri masufuria yake ya api, ule uji wa mahindi ya zambarau ambao haunyweki ukiwa baridi. Hakumtoza nauli, na balaa lilikuwa hapo hapo, maana mtu asiyekutoza nauli hukufikisha saa anayotaka yeye. Alimkalisha nyuma katikati ya masufuria, akapitia kwanza abiria wake wa kulipa, akasimama kunywa kahawa, na api ikafika sokoni imepoa, wateja wamekwisha kwenda kwa jirani. Ukilalamika, unaambiwa huna shukrani.

Basi zamu yake ya upatu ilipofika, badala ya kununua bati kama wenzake walivyomshauri, Eufronia alikwenda kwenye karakana moja ya Cochabamba inayounda vigari vya umeme. Akarudi na kimoja chekundu, viti viwili na kijisehemu cha mizigo, kifupi kama kabati la vyombo. Petroli hakinywi. Ukikifikisha nyumbani unakichomeka kwenye soketi ile ile ya redio, basi. Tiburcio alikizunguka, akauliza kama kimekuja na mwanasesere wake.

Hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni baraka. Pale Quillacollo gari lisilobarikiwa ni kama mtoto asiyebatizwa: hakuna atakayelipanda, na likigonga hata kuku utaambiwa umejitakia. Kwa hiyo Jumapili alikivisha maua na vikaratasi vya rangi, akakipeleka mbele ya kanisa, kwenye foleni ya malori na mabasi.

Padri Eleuterio, ambaye mkono ulikuwa umeshamchoka kwa kubariki tangu asubuhi, akamwambia afungue boneti ili anyunyizie injini. Eufronia akafungua. Mle ndani mlikuwa na chupa ya maji ya kuoshea kioo, na nafasi tele.

Watu wakasogea. Dereva mmoja wa lori akataka kujua nani ameiba injini. Tiburcio, aliyekuja na bia ya kulimwagia gari kama desturi inavyotaka, akaona siku yake imefika.

"Padri, usipoteze maji ya Mungu," alisema. "Hicho hakina moyo. Utabariki nini?"

Padri akabaki na kinyunyizio juu, akimwangalia mama wa watu kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Eufronia kuliko vicheko vyote. Akirudi bila baraka, kesho alfajiri yuko tena nyuma ya taksi, amekumbatia sufuria. Akakusanya marinda ya sketi zake, akajibwaga kwenye kiti cha dereva, akakipiga kofi.

"Moyo wake uko hapa, Padri. Betri iko chini ya makalio yangu. Bariki hapa."

"Hapo... ulipokaa?"

"Kwani nisimame? Miguu inauma."

Padri aliitazama sanamu ya Bikira juu ya mlango, pengine akiomba ushauri, kisha akachovya, akanyunyiza kiti pamoja na vilivyokikalia. Tiburcio naye akaja mbio na chupa, akitaka kumwaga pale pale. Eufronia akamdaka mkono. Alimwambia umeme haupendi bia, anayeipenda ni yeye, basi ainywe. Akainywa.

Mwaka ule petroli ikaadimika. Magari yalilala kwenye foleni za sheli, yakiwamo yale yanayoogeshwa bia kila Agosti kwenye sikukuu ya Bikira. Eufronia akawa anapita kando ya foleni kimya kimya, api ikifuka mvuke, akiwauzia madereva kupitia dirishani. Wenzake wa upatu, waliomcheka kwa kuacha bati, sasa waligombania zamu ili nao wanunue vigari.

Asubuhi moja akamkuta Tiburcio ameegemea taksi yake, macho mekundu, ananuka foleni.

"Shemeji," alisema, akitazama viatu vyake, "nifikishe nyumbani nikaoge."

"Panda. Lakini kwanza napitia wateja wangu."

Akapanda, akapakatishwa sufuria. Eufronia alisimama kwa kila mteja. Kisha akasimama kunywa kahawa, taratibu, akimsimulia mwenye kibanda habari za miguu yake. Tiburcio akafungua kinywa kulalamika, akakumbuka kwamba hajalipa nauli, akakifunga.