Hesabu ya Waliohitimu

Mimi na mtoto wa ami yangu tuliingia chuo pamoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, na sote tuliingizwa na mpira wa wavu. Tulikulia mtaa wa Hamriya, jengo moja, na tangu skuli watu walitutaja kwa pamoja: mimi wa kuinua, yeye wa kupiga. Chuo kimoja cha binafsi hapa Maskati kikatupa ufadhili kwa sharti tuchezee timu yake. Tukajiandikisha uhandisi wa umeme.

Mambo yalianza kugongana muhula wa kwanza. Maabara ilikuwa alasiri, na mazoezi yalikuwa alasiri. Mshauri wetu wa masomo, mtu mpole sana, alituita ofisini kwake akatumiminia chai.

"Hamieni utawala wa biashara," alisema. "Masomo yake yote ni asubuhi. Mtacheza, mtahitimu, na hapana atakayekusumbueni."

Hakunilazimisha. Niliona hata kuwa ananihurumia. Nikahama wiki ile ile. Mwenzangu alikataa.

"Yakhe, sisi tumekuja kusoma umeme," aliniambia tulipotoka.

"Tumekuja kucheza," nikamjibu. "Bila ya mpira tusingekuwa hapa."

"Wewe umekuja kucheza. Mimi mpira umenileta tu."

Akawa anakwenda maabara, na mazoezini anafika wenzake wameshalowa jasho. Kocha alimwonya, akamweka benchi, mwishowe akamtoa kwenye timu. Ufadhili nao ukakatika. Alipata kazi kwenye karakana ya viyoyozi mtaa wa Darsait, na jioni akajiunga na chuo kingine kuendelea na umeme ule ule. Ami yangu aliona aibu. Kila nikifika kwao alikuwa akinionesha kwa kidole na kumwambia mwanawe, "Mwenzako huyu yumo, wewe umetoka."

Katika muda huo mwenzetu mmoja wa timu aliumia goti, hata hakuweza tena kuruka. Wachezaji waliotutangulia walituambia kuwa zamani mtu kama huyo alikuwa akisahauliwa. Lakini chuo kilikwisha kuanza kujisifia idadi ya wachezaji wanaohitimu, na hakikutaka kumpoteza hata mmoja. Ada yake iliendelea kulipwa, akatafutiwa mwalimu wa kumsomesha pembeni, akamaliza. Leo yeye ni mwalimu wa skuli, na mwalimu mzuri. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema hesabu ile ya waliohitimu ni upuuzi mtupu, nnasita kumuunga mkono.

Siku ya mahafali yangu mkuu wa chuo alisimama akasema kuwa wanamichezo wetu wanahitimu kwa wingi kuwashinda wanafunzi wasiocheza. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtoto wa ami alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka karakana, amekaa karibu na mama yangu. Mama alinisimulia baadaye, garini, waliyozungumza.

"Na wewe wamekuhisabu wapi?" alimuuliza.

"Kwa walioshindwa, mama."

"Lakini nnakuona unasoma!"

"Nnasoma kwengine. Hapa mimi nimeondoka, basi."

Mama alilirudia neno hilo njia nzima. Mimi nilikuwa bado nimevaa joho.

Miezi michache baadaye niliitwa kwenye usaili wa kazi. Mwanamke mmoja aliniwekea mbele hesabu za mwaka za kampuni, akaniomba nimwelezee hali yake. Somo hilo nilikuwa nimelifaulu vizuri. Ila muhula huo tulikuwa safarini na timu, na mwalimu alitutungia sisi wachezaji mtihani wetu peke yetu, mfupi, wa kuchagua majibu. Nikaitazama karatasi. Nilizijua namba, sikujua zinasema nini.

"Cheti chako kizuri," aliniambia kwa adabu, akanirudishia.

Kazi niliipata kwengine, ya chini, na hapo ndipo nilipojifunza biashara, nishamaliza kuisomea. Mtoto wa ami alihitimu miaka kadhaa baada yangu. Nilipojenga kule Mabela yeye ndiye aliyesimamia umeme wa nyumba, mhandisi kamili, na mchana mmoja tulikaa kwenye mifuko ya saruji tukila mkate na jibini.

"Unaona walituonea?" nilimuuliza.

Alijikatia kipande cha mkate. "Wewe hawakukuonea. Walikupa ulichokitaka. Mimi walinihisabu vibaya tu, na hesabu hainiumi."

Maneno hayo yamenikalia muda mrefu. Sote wawili tulikuwa ndani ya hesabu ile, na kwa sote wawili ilikuwa ya kweli: mimi nilihitimu, yeye aliondoka. Lakini hapana aliyetuuliza tulikuja kutafuta nini, wala tumetoka na nini. Yule aliyeumia goti angejibu vizuri na chuo kingestahiki sifa. Mimi ningebabaika.

"Ungerudishwa leo, ungebaki uhandisi?" aliniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikaukumbuka ule mpira unaponitoka vidoleni, na yeye yuko juu tayari, anausubiri.

"Wallahi ningecheza," nikamwambia. "Ila ningemwomba yule mwalimu wa hesabu mtihani wa kweli."

Alicheka mpaka akapaliwa na mkate. Kisha akajipangusa mikono, akarudi jikoni kwenye nyaya zake.