Akiba ya Ubavuni

Mama Pazia hakuwahi kulala nje ya kuta kwa hiari yake. Miaka thelathini alishona mapazia katika chumba chenye cherehani moja, na kwa maoni yake mtu mwenye nyumba kwenda kulala porini ni sawa na mwenye kijiko kulamba uji sakafuni. Binti yake, karani wa kituo cha msitu kule mlimani, alimwalika mara tatu wakalale kwenye hema. Mara tatu mama akagundua ana pazia la haraka. Mara ya nne binti alisema tu, "Kama huwezi, basi, Mama." Hiyo "basi" ilimchoma. Alijua hataalikwa tena, akajibu kwamba anakuja Jumamosi.

Tatizo likabaki baridi. Akitetemeka usiku kucha atakuwa mzigo, na mzigo haualikwi mara ya pili.

Alhamisi akaingia duka la mitumba ya vifaa vya safari. Muuzaji, bwana mwenye kipara na maneno mengi, akamtandikia mifuko miwili ya kulalia. Mmoja wa bluu, unang'aa kama sufuria mpya. Mwingine rangi ya tope, mpana, bei nusu.

"Angalia namba, mama. Wa bluu ni kumi na tano. Huu mwingine sifuri. Na sifuri, mama yangu, tangu shuleni haijamsaidia mtu."

Maskini, hakujua kwamba namba ile ni kiwango cha baridi ambacho mfuko unahimili, na iliyo ndogo ndiyo bora. Yeye alijua kuuza. Mama Pazia, aliyeachana na hesabu zamani bila ugomvi, nusura akubali. Lakini vidole vilikuwa vimeshafika kwenye mshono. Wa bluu ulishonwa moja kwa moja, sindano imetoboa juu hadi chini. Akauinua dirishani, mwanga ukachungulia kila tundu.

"Kaka, hili chujio."

"Lakini namba, mama..."

"Namba itanifunika? Hapa upepo unapita bila hodi."

Ule wa tope, bitana ilishonwa peke yake na kitambaa peke yake, mishono haikutani. Akavua viatu, akaingia ndani kuupima, palepale sakafuni, saa sita mchana. Wateja wawili wakasimama kutazama. Alipotaka kutoka, zipu ikakwama kidevuni, muuzaji akainama kuivuta.

"Usivute!" Mama Pazia alimfokea. "Tafuta mshumaa, paka nta kwenye meno ya zipu. Taratibu, hufungui gunia!"

Zipu ikaachia. Mama Pazia akatoka amelowa jasho, akalipa bila kupunguziwa hata senti. Jasho lilikuwa ushahidi tosha wa joto.

Nyumbani akaona mfuko umeshonewa jitu, na nafasi tupu hukaribisha baridi. Akaupunguza ubavuni, ila hakukata. Mama Pazia hakati kitambaa. Alikikunja kwa ndani akapiga bandi, ule mshono wa muda unaofumuka ukivuta uzi mmoja. Kitambaa kinachobaki ndani alikiita akiba, kwa sababu mwili wa binadamu hauna msimamo. Binti yake alivaa magauni yenye akiba utoto wote, akachekwa shule nzima kwa mbavu nene, na mpaka leo hajasamehe.

Jumamosi, ndani ya hema, binti akatandika mfuko wake. Wa bluu, unang'aa.

"Kituoni nalala karibu na jiko, sikuwa nao. Nimenunua ili nilale hapa nawe. Kumi na tano huu!"

Mama Pazia akafungua mdomo. Kisha akaufunga, kazi ngumu kuliko zote alizofanya wiki ile. Alikuja kuwa mgeni, hakuja kukagua mishono.

Alfajiri akasikia meno yakigongana.

"Mama, umelala?"

"Mwenye joto aamke ya nini?"

"Nakufa mwenzio."

Mama Pazia akapapasa ubavuni mwa mfuko wake, akapata ncha ya uzi, akavuta. Bandi ikafumuka yote, mfuko ukapanuka.

"Ingia."

Binti akajipenyeza, akagusa kile kitambaa kilichofunguka.

"Uliacha akiba," alisema.

"Siku zote naacha. Sogeza miguu, barafu hiyo."

Wakatulia. Meno yakaacha kelele.

"Mwezi ujao utakuja tena, Mama?"

Mama Pazia alikuwa na mapazia saba ya haraka.

"Nitakuja."