Siku Mvua Ilipoitwa Mbaya

Juzi sokoni Mwanjelwa mama mmoja alifungua furushi la tumbaku mbele yangu, na ile harufu yake kali, yenye utamu kidogo, ikanirudisha moja kwa moja Chunya, darasa la nne, kwenye kosa langu la Kiingereza. Msicheke. Nililia kwa ajili ya kosa lile.

Baba alilima tumbaku. Mwaka ule mvua ilichelewa hadi miche ikapitiliza muda wa kupandwa ikiwa bado kitaluni, na kisima tulimokuwa tukichota maji ya kuimwagilia kikabaki tope. Baba alituambia wazi kwamba miche ile ikifa, tumekwisha.

Halafu ikanyesha, asubuhi, tukiwa darasani. Jamani! Bati lilinguruma hadi tukaacha kusikilizana. Ilipopungua, mwalimu wa Kiingereza akaona ndiyo nafasi ya kutufundisha ukurasa wa hali ya hewa. Kulikuwa na picha mbili. Jua linawaka, watoto wanacheza mpira: hali ya hewa nzuri. Mvua inanyesha, mtoto amenuna dirishani: hali ya hewa mbaya. Akatuuliza, leo ikoje? Nikaandika, kwa mwandiko wangu bora kabisa, kwamba ni nzuri sana. Akanichorea kosa kubwa jekundu.

"Madamu, lakini baba yangu atafurahi," nikamwambia.

"Mtihani hautamuuliza baba yako. Kaa chini."

Nilimkuta baba shambani, amelowa chapachapa, anapanda miche huku akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, ndaga fijo," peke yake. Akaona macho yangu.

"Umelia nini, mama?"

Nikamfungulia daftari, nikamtafsiria. Akacheka sana. "Weee! Aliyeandika hicho kitabu hajawahi kupanda hata mchicha." Kisha kicheko kikaisha. Akajifuta tope kwenye suruali.

"Na kwenye mtihani wataiuliza hii?"

"Wataiuliza."

"Basi andika mbaya."

"Lakini baba, wewe mwenyewe..."

"Andika mbaya, mama, ufaulu. Mimi acha nipande."

Nilimkasirikia, niseme kweli. Nilitaka aende shuleni akagombane. Mtihani ulipokuja waliiuliza, nami nikaandika mbaya, nikapata yote. Baba aliichukua karatasi ile akaenda nayo hadi bani, kule tulikokaushia tumbaku, akawa anamwonyesha kila jirani aliyepita.

"Imeandikwa nini hapa?" jirani mmoja aliuliza, kidole kikiwa juu ya jibu lile lile.

"Kiingereza," baba akajibu. "Amepata yote."

Nilidhani amesahau jibu lile lilisema nini. Kwa miaka mingi nilimwona baba kuwa mtu wa kukubali upesi, na hilo linaniuma hadi leo. Sasa ninaishi Ilomba, nina wanangu wanaoniletea madaftari yao, ndipo nimejua kwamba hakusahau hata neno moja. Hakutaka tu mvua isikie.