Usingizi wa Oktoba katika Kijito cha Cutler

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatano. Maji ya kijito cha Cutler yana nyuzijoto tisa, na Nadine Stiltner amesimama juu ya ubao wa kuvukia maji, reki mkononi, akivuta majani.

Ukungu umelala juu ya mabwawa sita ya kituo cha jimbo cha kutotolesha samaki. Majani mekundu na ya manjano yanashuka kutoka mlimani bila haraka, yanaelea hadi kwenye wavu wa chuma pale maji yanapoingilia, yanajibandika moja juu ya jingine. Yakiachwa saa mbili tatu huwa ukuta. Maji hayapiti, na samaki walio upande wa chini hukosa hewa.

"Unavuta, yanakuja mengine," anasema Nadine. "Ni kama kumfagilia Mungu uwanja wake."

Nyuma yake amesimama Clete Rasnick, mwenye umri wa miaka 39, na chupa ya kahawa. Alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe mpaka mgodi ulipofungwa. Amekuwa hapa tangu mwezi uliopita akijifunza kazi, na hajapewa reki alfajiri hata mara moja.

"Bi Nadine, lete hiyo reki. Nenda ukalale."

"Wa kulala ni wewe. Jana nimekukuta umeegemea ukuta, macho umefumba."

"Nilikuwa nasikiliza maji. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Kwa kukoroma?"

Clete anacheka, anammiminia kahawa. Nadine hainywi. Anaendelea kuvuta.

Ana miaka 66. Ameomba kustaafu mara tatu, na mara zote tatu ameondoa ombi lake. Katika jimbo letu, nafasi ya kazi serikalini ikikaa wazi kwa siku tisini hufutwa kwenye bajeti. Kanuni hiyo iliwekwa wakati wa mdororo wa uchumi wa mwaka 2008 na 2009, kwa maelezo kwamba ni ya muda. Mpaka leo inatumika.

Wakati huo kituo kilikuwa na wafanyakazi wanne. Wawili walistaafu na nafasi zao zikafutwa. Msimamizi wao, Royce Pangborn, aliondoka baadaye, na yake ikafutwa pia. Amebaki Nadine. Akiondoka kabla nafasi yake haijapata mtu, kituo kitafungwa, na samaki aina ya trauti wa asili wa kijito hiki, ambao hawatunzwi mahali pengine popote, hawatakuwa na wa kuwatunza.

Mwaka huu idara yake ilikubali jambo lisilo la kawaida: nafasi moja ishikwe na watu wawili kwa siku thelathini, anayekuja na anayeondoka. Lakini wiki mbili zilizopita ofisi ya gavana ilitangaza kwamba mapato ya kodi ya mauzo yameshuka chini ya makadirio, na kwamba ajira zote mpya zitasitishwa kuanzia Ijumaa hii. Ajira ya Clete lazima ithibitishwe na mji mkuu wa jimbo kabla ya ofisi kufungwa Alhamisi jioni.

Asubuhi hii ya Jumatano, bado haijathibitishwa.

"Isipothibitishwa, nabaki," anasema Nadine. "Magoti yatazoea."

Nyumba ya Nadine iko nje ya uzio wa kituo, umbali wa mtu kuita na kusikika. Mumewe, Dale, ameweka mezani maharage na mkate wa mahindi. Dale alikuwa fundi katika kiwanda cha mbao kilichofungwa mwanzoni mwa mwaka 2009. Tangu hapo wameishi kwa mshahara wa mke.

"Kila Oktoba mimi nalala na mwanamke aliyevaa gambuti," Dale anamwambia mwandishi wa makala haya. "Usiku kucha anakaa, anasikiliza, analala kidogo, anakaa tena. Nimemwambia, bibi wewe, samaki wana haya, hawawezi kukuita."

"Kula maharage yako," anajibu Nadine.

"Si naongea na mgeni?"

"Mgeni naye ale."

Jambo lililomwondolea Nadine usingizi lilitokea Ijumaa moja ya Oktoba 2009. Mwaka huo jimbo lilikuwa na pengo katika bajeti, na katiba ya jimbo hairuhusu kumaliza mwaka wa fedha na nakisi. Bunge la jimbo lilipunguza fedha za shule, likafunga baadhi ya mbuga, kisha likawapa watumishi likizo ya lazima bila malipo kila Ijumaa. Askari magereza na wauguzi hawakuguswa. Watunza samaki hawakutajwa popote, kwa hiyo walihesabiwa pamoja na makarani.

Likizo hiyo ilikuwa na sharti. Mtumishi aliyefanya kazi siku hiyo angeweza kulidai jimbo mshahara wa siku nzima, hivyo kufanya kazi kukawa kosa. Geti la kituo lilifungwa kwa kufuli jipya. Kwa kila Ijumaa, jimbo liliokoa dola 104 kutoka kwenye mshahara wa Nadine.

"Royce alituita akasema, nikimwona mtu humu Ijumaa, barua ya onyo nitaiandika mimi," anakumbuka Nadine. "Akasema, pumzikeni jamani, mmechoka. Na kweli tulikuwa tumechoka."

Ijumaa mbili za kwanza hakukuwa na upepo, majani yalibaki mitini, na Nadine alikaa barazani akitazama uzio. Ya tatu aliamua kutii. Alivuta mapazia na kulala.

"Niliota samaki wanapita katikati ya miti," anasema. "Juu ya vichwa vyetu, polepole, kama wanatembea tu. Majani yalikuwa yanageuka nao. Hakuna sauti kabisa. Ilikuwa ndoto nzuri, sijaota nzuri kama ile. Kilichoniamsha ni kwamba hakukuwa na sauti."

Ilikuwa karibu saa nne asubuhi. Upepo ulikuwa umevuma tangu alfajiri. Maji, ambayo kutoka chumbani kwake husikika yakimwagika mchana na usiku, yalikuwa yamenyamaza.

Dale ndiye aliyepiga namba ya dharura ya mji mkuu kuomba ruhusa. Sauti iliyorekodiwa ilimjibu kwamba ofisi zimefungwa kwa sababu ya likizo ya lazima, na kumtakia mapumziko mema. Alipogeuka kumweleza mkewe, Nadine alikuwa ameshapanda uzio akiwa amevaa gauni la kulalia.

Mabwawa mawili ya juu, yenye samaki wazazi, ndiyo hupata maji kwanza, na alipouzibua wavu hayo yaliwahi. Mabwawa manne ya chini hayakuwahi. Samaki walikuwa wameshageuka juu, matumbo meupe, wengi kiasi kwamba maji hayakuonekana.

"Walikuwa wamelala," anasema Nadine, kisha anajisahihisha. "Walikuwa wamekufa."

Royce Pangborn, ambaye sasa anaishi kwa binti yake katika jimbo jingine, alithibitisha habari hiyo kwa simu. "Barua niliiandika mwenyewe, kama nilivyosema," alisema. "Halafu nikachukua koleo nikaenda kumsaidia kuzika. Ilikuwa bado Ijumaa ileile, kwa hiyo na mimi nilivunja sheria. Mwambie bado ana koleo langu."

Adhabu ya Nadine ilikuwa kusimamishwa kazi siku moja bila malipo.

"Yaani fikiria," anasema Dale. "Umekosa kwa kufanya kazi siku isiyo na mshahara. Adhabu yako ni siku isiyo na mshahara. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Yeye hakucheka."

Kufikia mwaka 2013 mapato ya jimbo yalikuwa yamerudi pale yalipokuwa kabla ya mdororo. Ijumaa zikafunguliwa. Mfuko wa akiba ukajazwa. Nafasi zilizofutwa hazikurudi, kwa sababu kila bajeti mpya huandaliwa kwa kuanzia ile ya mwaka uliotangulia, na nafasi iliyokwisha kufutwa haimo mahali pa kuanzia. Ili irudi, mbunge lazima asimame na kuiomba kama kitu kipya. Hakuna aliyesimama kwa ajili ya kijito cha Cutler.

Samaki wazazi waliopona waliongezeka. Trauti wote walioko leo katika mabwawa sita ni uzao wao. Nadine hukinga mayai yao kila Novemba, na baridi ikiisha hupanda na vifaranga milimani kwa gari la tangi, akiwaachia kwenye vijito kimoja baada ya kingine.

Alhamisi inapambazuka na mvua nyepesi. Clete anafika akiwa ameshika simu kana kwamba ni yai. Saa nne hakuna habari. Saa saba mchana anapiga simu mji mkuu na kuambiwa asubiri. Anarudi kwenye mabwawa, anawalisha samaki mara mbili kwa kujisahau.

"Utawapasua hao," Nadine anamwambia.

"Bi Nadine, nina mtoto anaanza shule na mkopo wa gari. Nikikosa hii, narudi kubeba matofali kwa shemeji. Unamjua shemeji yangu."

"Namjua. Ndiyo maana nakuombea."

Saa tisa na dakika hamsini alasiri simu inaita. Clete anaitazama tu. Nadine anaichukua, anasikiliza, anajibu "ndiyo" mara tatu, anamrudishia.

"Ongea na mwenzako wa kazi," anasema.

Karani wa mji mkuu anamsomea Clete namba yake ya utumishi. Anaiandika kwa kalamu kiganjani. Mshahara wa kuanzia ni dola 2,650 kwa mwezi kabla ya makato, pungufu ya aliokuwa akipata kwenye malori. Nadine anaingia ofisini, anatia sahihi ombi lake la kustaafu, la nne, na kulituma saa kumi na dakika tano.

Kisha anatoka na kusimama kwenye ubao kwa muda. Mvua imekatika. Majani yanashuka moja moja, mengine yanazunguka juu ya maji kabla ya kuamua pa kwenda.

Anaulizwa atafanya nini sasa. Hataji safari wala biashara.

"Nataka kulala Oktoba," anasema. "Niamke jua limeshatoka, nisikie maji, nigeukie upande wa pili nilale tena. Basi."

Anamkabidhi Clete reki.

"Ukiniulia samaki nitakuzika bwawa la nne."

"Kwa koleo la Royce?"

"Kwa mikono. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Usikorome."

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, Clete Rasnick yuko juu ya ubao. Usiku upepo ulivuma na wavu una majani mengi. Anavuta, yanakuja mengine. Hatazami upande wa nyumba, ila mara mbili tu.

Saa moja asubuhi Dale anatoka barazani na kikombe cha kahawa. Clete anainua kidevu kuuliza. Dale anaweka kidole mdomoni.

Saa mbili na dakika kumi, maji yalikuwa yakimwagika kwenye mabwawa yote sita. Mapazia ya chumba cha Nadine yalikuwa bado yamefungwa.